Siku Niliyomficha Fundi Safari Yangu

Nitawaambia yote, maana najua wengine wenu mmeshaisikia habari hii kwa midomo ya watu, na kila mdomo ilipopita iliongezwa chumvi, lakini nawaomba msicheke kabla sijafika mwisho. Mimi Rukia, mjane, mama wa mtoto mmoja, mshona mabuibui ambaye miaka yote hii sijawahi kutajwa kwa ubaya mtaani, nilimuua Maalim wa watu kwa mdomo, mchana kweupe, kando ya barabara, huku nanukia udi na dhahabu zangu zote ziko mwilini. Bado nikikumbuka uso huniwaka. Na mkiniuliza ilianzia wapi, nitawaambia ilianzia gereji, nilipopeleka gari kubadilisha oili.

Gari lenyewe mwalijua, lile jeupe la marehemu mume wangu, lenye mkwaruzo mlango wa nyuma. Marehemu alikuwa na sheria moja ya gari: huendi mbali mpaka upitie kwa fundi, ubadilishe oili, na fundi alitazame lote. Mimi enzi zake nilikuwa abiria, kazi yangu kushika chupa ya maji na kulalamikia joto, na nilipoachiwa ufunguo niliishika ile nusu ya kwanza ya sheria vizuri kabisa. Nusu ya pili siku ile niliikwepa, na sikuikwepa kwa uvivu.

Mwanangu Swaleh alikuwa amempenda Salma, binti wa Maalim Twahir wa Kilifi. Walijuana chuoni, na Swaleh hakutaka kusikia jina jingine. Maalim Twahir ni mtu aliyefundisha Kurani vizazi viwili, Kilifi, Matsangoni, hadi huku kwetu Malindi, na anaposema neno halirudii. Tulipopeleka habari mara ya kwanza alisema binti bado anasoma. Tukakaa. Mwaka jana ndipo ikaja kauli kupitia kwa kaka yangu Bakari: njooni Jumapili baada ya adhuhuri, tuwasikilize. Kaka akaniongezea kwa sauti ya chini kwamba kuna nyumba nyingine inayoulizia binti huyo huyo, na Maalim hapendi kuzungushwa. Kwa hiyo ilikuwa ni siku ile au basi. Swaleh hata chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na kijana yule mnamjua kwa kula.

Sasa, kwetu posa haitangazwi mpaka ikubaliwe. Hamuambii jirani wala anayewauzia maziwa, kwa sababu jicho la mtu ni jicho, na jambo la kheri likizungumzwa mapema huingiwa na mdudu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Wifi yangu Mwanaidi, dada yake marehemu, ndiye aliyekuwa amiri jeshi wa siri hiyo. Alituapisha. Alimkataza hata Swaleh kunyoa nywele Ijumaa, anyoe Jumapili asubuhi, watu wasije wakajiuliza.

Jumamosi nikapeleka gari kwa fundi Kombo, kule mtaa wa Barani. Kombo alikuwa rafiki ya marehemu, huniita shemeji mpaka leo, na ni fundi hodari, lakini ana ulimi. Ukimpa gari abadilishe oili hulipandisha juu ya shimo, na oili chafu ikiwa inashuka yeye anaingia chini na tochi yake, anatazama kama kuna panapovuja, anashika raba za magurudumu, anatazama breki zimebaki na unene gani. Akitoka huko anafungua boneti: maji ya rejeta na mipira yake anaibonyeza mmoja mmoja, mafuta ya breki, mkanda wa feni, betri na vile vichwa vyake ambavyo hewa ya chumvi ya huku kwetu huvifanya viote unga, filta ya hewa anaipigapiga mkononi mpaka vumbi la Malindi nzima linatoka. Halafu tairi, taa, waipa, honi. Ni kazi ya saa nzima, na saa nzima kwa Kombo ni saa nzima ya maswali, kwa sababu mikono yake haifanyi kazi ulimi ukiwa umelala.

"Shemeji, leo mapema," akaniambia. "Wenda wapi?"

"Siendi popote, fundi. Oili tu, imefika wakati wake."

"Nguo umetia mahina, mkono umetia mahina..." (kweli kidole kimoja kilikuwa na mahina, Mwanaidi alianza kunipaka usiku nikakumbuka gereji, na nguo niliichafua.) "Kuna harusi?"

Nikaficha mkono. Nilijiona nimekaa pale kwenye kile kibao chake, yeye kaingia shimoni, sauti inatoka chini ya gari, swali baada ya swali, na mimi si mwongo hodari, nikaona kabla hajafika kwenye taa nitakuwa nimeshamtaja Salma, babake, na rangi ya pazia la ukumbini. Na akijua Kombo saa nne, saa sita limejua soko.

"Gari langu wiki hii ni sokoni na kurudi," nikamwambia. "Mwaga oili, weka mpya, nifungie niende. Hayo mengine utayatazama mwezi ujao."

Akasimama na kitambaa chake mkononi, akalitazama gari, akanitazama mimi. "Kama ni sokoni tu, sawa. Lakini ukitaka kwenda mbali nipitishie kwanza. Hili limekaa, na vitu vya mpira havipendi kukaa."

Nikamwambia sawa. Nikaondoka nikiwa na furaha ya kweli, najiona mwerevu, mpaka nikapitia kununua asmini.

Jumapili asubuhi Mwanaidi akaja na udi wake. Wale mnaomjua mwajua kwamba udi wake haununui, anaupika mwenyewe kwa sukari, na ukiuchoma harufu yake ni ya sukari inayoungua pamoja na mti, tamu, nzito, inakaa kwenye nguo hadi Jumapili nyingine. Alitufukiza sote. Alifukiza sinia la tambuu na halua. Alifukiza gari, milango imefungwa, mpaka moshi ukawa unatoka kwenye pembe za vioo. Halafu akakizima chetezo, akakitia kwenye buti, tukikaribia Kilifi tujifukize tena, kwa sababu, alisema, jasho la njiani huharibu kazi ya mtu.

Tukaondoka watu watatu: mimi kwenye usukani, kaka Bakari mbele kwa sababu yeye ndiye msemaji wa posa, na Mwanaidi nyuma na sinia mapajani. Swaleh, kama desturi, alibaki nyumbani, kanyoa, kakaa barazani na simu. Vioo tukavifunga vyote, tusionekane, nikawasha ile hewa baridi hadi mwisho. Kaka Bakari alikuwa akirudiarudia maneno yake kwa sauti ndogo, yale ya tumekuja kuomba ua katika bustani yenu, na kila akifika kwenye ua Mwanaidi alikuwa akimsahihisha.

Tulipopita Gede nikasikia harufu. Tamu tamu, ya moto, kama sukari iliyosahauliwa jikoni. Nikasema, "Wifi, chetezo chako hakijazimika." Akasema kimezimika. Nikasimamisha gari kando, tukafungua buti, chetezo baridi kama jiwe la kisima. Tukakimwagia maji hata hivyo, kwa usalama. Tukarudi ndani, harufu ipo pale pale, na Mwanaidi (mnanisikia?) akavuta pumzi, akatabasamu, akasema, "Huu ndio udi wa kupika. Wa dukani ungekuwa ushakwisha." Kaka Bakari akamsifu. Mimi pia nikamsifu. Tuliendelea na safari yetu tukisifu harufu ya maji ya rejeta yanayochemka na kumwagikia injini, maana ndiyo ilikuwa hiyo, yale maji yenye dawa ya kijani yakiungua hunukia utamu, na mimi niliyekuwa nimeshika usukani, macho yangu yote yalikuwa kwenye mshale wa petroli. Ule mshale wa joto sikuwa nimeutazama tangu nianze kuendesha, nikidhani ni wa mapambo.

Matsangoni gari likasema basi. Mvuke ulitoka kwenye boneti mpaka barabara siioni, nikalivuta kando, likazima lenyewe, tukatoka mbio na mabuibui yetu na sinia letu. Siri yetu yote ya vioo kufungwa ikaishia pale, mbele ya vibanda, Jumapili, saa watu hawana kazi. Walikuja wanawake wanaouza korosho na nazi, wakaja watoto, wakaja watu wa bodaboda. Kaka Bakari akaenda upande wa nyumba kutafuta maji. Mama mmoja muuza korosho, mtu wa makamo, akanisogelea kwa huruma.

"Poleni, mama zangu. Mwaenda wapi na jua hili?"

Ni swali ambalo mtu humuuliza mtu. Ningeweza kusema twaenda Kilifi, ikatosha. Lakini Mwanaidi alinifinya kwa nyuma, nikaona macho ya watu wote kwenye lile sinia na ile nguo ya hariri iliyolifunika, nikaona wanakaribia kujua, na kinywa changu kikatoka mbele yangu.

"Matangani," nikasema.

Yule mama akatazama bangili zangu. Akatazama mahina ya Mwanaidi, yamefika kwenye viwiko. Akiwa ni mtu mwenye adabu, hakusema kitu juu ya hayo. "Kwa nani?" akauliza.

Uongo ukishauanza unadai kujengewa nyumba, na nyumba niliyokuwa nayo kinywani siku hiyo ilikuwa moja tu. "Kilifi," nikasema. "Kwa Maalim Twahir."

Kijana mmoja wa bodaboda, mwenye ndevu kidogo, akashuka kwenye pikipiki yake. Akavua kofia ya chuma. "Maalim mwenyewe?" akaniuliza.

Hapa ndipo ninapowaomba mnielewe, ingawa mimi mwenyewe bado sijajielewa. Ningesema la. Neno la herufi mbili. Lakini ningesema la angeuliza basi ni nani, na ningemtaja nani, mkewe, binti, yule Salma ninayekwenda kumuomba? Nikanyamaza. Wallahi sikusema ndiyo. Niliinamisha kichwa, nikatazama viatu vyangu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema yule kijana, na machozi yakamtoka pale pale mbele yetu, hakuyaficha. Akasema Maalim ndiye aliyemfundisha alifu, na siku babake alipokufa Maalim ndiye aliyemshika mkono hadi makaburini. Akatoa simu. Akampigia mwenzake, na mwenzake, nikimsikia, akasema atampigia mwingine. Halafu akavaa kofia yake, akawasha pikipiki, akasema anatangulia kusaidia kuchimba kaburi. Nilifungua kinywa nimwite. Nilikifungua, sauti haikutoka, na alipokuwa ameshapotea kwenye kona ndipo nikasema, "Wewe, ngoja," kwa sauti ambayo hata Mwanaidi hakuisikia.

Kaka Bakari akarudi na dumu la maji akakuta watu wanapanga mstari kumpa mkono. Yeye alidhani ni pole za gari. "Ahsanteni," akawa anasema, na kofia yake imekaa sawasawa, "ndiyo dunia, kila kitu kina siku yake." Yule mama wa korosho akakataa katakata tusimlipe mtu yeyote kwa maji yale, akaleta nazi, akazitia kwenye buti kwa mkono wake mwenyewe, zikapikiwe watu wa msibani. Nilimtazama akizipanga kando ya chetezo. Nilitamani barabara ipasuke.

Maji tuliyatia yakatoka yote kwa chini, mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka kama mdomo. Hakukuwa na la kufanya ila kumpigia Kombo. Akaja na pikipiki, mpira mpya umening'inia shingoni, na sijui ni haraka gani aliyofanya maana tulikuwa hata hatujamaliza kugombana mimi na wifi. Akauangalia ule wa zamani, akaubonyeza kwa kidole gumba, akanionyesha ulivyovimba na kulainika.

"Shemeji, hili ndilo soko?"

Nikajifanya naweka buibui sawa.

"Ungenambia Kilifi ningeushika huu. Ndio wa kwanza ninaoushika." Alisema bila hasira. Halafu akainua uso, akapunguza sauti. "Nasikia Maalim Twahir amefariki. Nilikuwa simjui kwa karibu, lakini pole."

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia yote, pale kwenye boneti, kwa kunong'ona, posa na mahina na matanga. Kombo, ambaye sijawahi kumwona amefunga mdomo, aliufunga. Kisha akasema, "Pigeni simu. Sasa hivi, kabla sijakaza hata skrubu." Kaka Bakari alikuwa na nambari ya Maalim, na uso wake alipoelewa zile pole alizokuwa akizipokea zilikuwa za nini siwezi kuueleza. Akapiga. Ilikuwa inatumika. Akapiga tena, inatumika. Tulisimama pale wote wanne tunaisikiliza ile sauti ya mwanamke kwenye simu akituambia tujaribu baadaye, na kila mmoja wetu alijua ni kina nani wanaompigia Maalim na wanamuuliza nini. Wakati huo huo Swaleh ananiandikia, mmefika? Mmefika? Wanasemaje?

Ningeweza kugeuza gari nirudi Malindi. Mwanaidi alitaka hivyo, alikuwa analia, anasema twende zetu, tutasema gari limeharibika. Lakini nilimfikiria yule kijana na jembe lake la kuchimbia kaburi. Kombo alipomaliza kufunga mpira mpya, nikaendesha.

Kufika Kilifi, mtaa ule wa Maalim, nje ya nyumba mikeka ilikuwa imeshatandikwa. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kwenye mkokoteni. Wanawake wamekaa vikundi vikundi, wengine bado wanafuta macho, na Maalim Twahir kasimama mlangoni kwake kavaa kikoi na fulana, mzima wa afya, anamwambia kila anayekuja, "Mimi huyu hapa. Niguse." Watu wanamgusa kweli, wanacheka, wanalia. Yule kijana wa bodaboda alikuwa kakaa kwenye ngazi, kichwa mikononi. Alipotuona tukishuka, na mabuibui yetu ya nakshi na udi wetu unaotutangulia, akanyanyua mkono.

"Ndio hawa," akasema.

Mtaa wote ukatugeukia. Kaka Bakari, msemaji wetu, alisogea mbele, akafungua kinywa, na maneno aliyoyasoma wiki nzima yakamwacha. Akanigeukia. Nikaona ni haki yake.

Nikasema. Sikuingia ndani, nilisema pale pale mbele ya mikeka, kwa sauti ya kusikika, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba tulikuwa tunakuja kumposea mwanangu Salma, kwamba gari liliharibika njiani kwa sababu nilimdanganya fundi nisiulizwe, na njiani nikawadanganya watu tena nisiulizwe, na kijana yule pale nilimuona analia nikamwacha alie.  

Maalim alinisikiliza hadi mwisho. Akasogea pembeni kidogo, na nyuma yake, kwenye kiti cha ukumbini, nikamwona mamake. Bi Zaituni. Mtu mzima sana, mwili umebaki mifupa na kanga. Mtu alikuwa amempigia simu mjukuu wake, mjukuu akapiga ukelele, na yeye akasikia. Alikuwa amemshika Maalim kifundo cha mkono, vidole vimekaza, na Maalim aliposogea kunipisha nimuone, ule mkono uliondoka naye, hakuuachilia. Nami niliyemzika mume najua ile saa mtu anapoambiwa. Ile saa nilimpa mwanamke yule bure, kwa sababu sikutaka muuza korosho ajue nina posa.

"Kwani kwa nini hukusema mwaja kuposa?" akaniuliza Bi Zaituni.

"Niliogopa hasidi, mama."

Akauvuta mkono wa mwanawe mapajani. "Na hasidi angetufanya nini kupita haya?"



Maalim akatuambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kwamba turudi kwetu, nyumba yake siku ile haina nafasi ya jambo jingine. Sinia hakulipokea. Nyuma ya pazia niliona upande wa uso wa binti, na nikajua ni Salma, na nikajua analia. Tukarudi. Tulipopita Matsangoni nilisimama nikamrudishia yule mama nazi zake na kumwambia ukweli, akazipokea moja moja, akazipanga, na hakunipa mkono.

Swaleh alikuwa bado barazani. Sikuweza kumdanganya hata kama ningetaka, uongo ulikuwa umeniishia mwilini. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekuharibia." Hakunijibu vibaya, hajawahi. Alikuja tu akachukua ufunguo mkononi mwangu, akaenda akakaa ndani ya gari peke yake, mlango kaufunga, na mimi nikakaa ngazini namngoja mpaka alipotoka.

Jumatatu nilirudi kwa Kombo. Nikamwambia alifanye lote. Safari hii nilikaa kwenye kibao, na alipouliza nilimjibu, na hata asipouliza nilimwambia, maana moyo ulikuwa umejaa. Breki za nyuma zilikuwa zimekaribia kwisha, akanionyesha. Tairi moja imeliwa upande, kwa sababu ya kupanda ukingo wa barabara pale dukani ninakoshona. Alinifundisha ule mshale wa joto unakaa wapi gari likiwa na afya. Alikuwa chini shimoni ananiuliza na mimi niko juu najibu, huku nalia kidogo na kucheka kidogo, na nilipoondoka nilijua kabla ya jioni Malindi itakuwa inajua.

Ikajua. Na sasa sikilizeni jambo ambalo sikulitegemea. Jirani yangu Bi Khadija, ambaye katika ile siri yetu nzima ndiye tuliyekuwa tunamficha zaidi ya wote, kwa sababu Mwanaidi anaapa ana jicho, alikuja mlangoni kwangu na kunde kwenye kikapu. Akaniuliza mbona sikumwambia, ana dada yake aliyeolewa Kilifi, nyumba ya pili kutoka kwa Maalim. Yule dada ndiye aliyekwenda kutuombea. Alikwenda na kurudi, na kurudi tena, akakaa na mkewe Maalim, akamwambia huyu mwanamke namjua kwa dada yangu, ni mwoga, si mbaya. Sikujua kama hayo ni sifa. Kombo naye, kila mteja wa Kilifi aliyepita gereji kwake alimsimulia kijana wangu alivyo, jinsi alivyokuwa akija na babake tangu mdogo. Watu niliowaogopa wajue walipojua ndio waliotubeba.

Baada ya mfungo tukaitwa. Maalim alisema neno moja tu kuhusu siku ile. Alisema amewahi kuzika wengi na hakuwahi kujua atazikwa na nani, na sasa anajua, na hilo nalo si dogo. Halafu akasema binti amemkubali kijana wenu.

Kwa hiyo Salma leo ni mke wa mwanangu, na nikiulizwa naenda wapi nasema, hata kwa mtu wa stendi, hata kwa mtoto, nasema na saa ya kurudi. Ile siri ya posa wanaoiweka waiweke, sigombani na desturi ya mtu, ila mimi kwa uongo wa njiani nimetubu na sirudii. Wale wa Kilifi wamenisamehe. Maalim hunitania. Yule kijana wa bodaboda alikuja harusini, akala, akanisalimu. Lakini kila nikiingia nyumba ile, Bi Zaituni akisikia tu sauti yangu ukumbini, kabla hajanijibu salamu, humtafuta mwanawe kwa mkono, akamshika kifundo, akakaa hivyo mpaka niondoke.